Kanga Iliyozikwa Kinyerezi

Theonestina alikuja na kamba na vigingi kumi na sita,
akaligawa bonde letu vyumba vinne visivyo na paa.
Akasema: Mama Havijawa, wewe ndiye mwenye mkono,
miaka tisa unakata majani hapa. Mimi nina daftari tu.

Chumba cha kwanza nikifyeke kila Jumamosi
mpaka udongo uone haya.
Cha pili nikichome, mara moja, kabla ya vuli.
Cha tatu aingie ndama wa Mushobozi siku tatu,
kisha kipumzike siku arobaini, kama mzazi.
Cha nne nisikiguse hata kwa jicho.

Akataka kitambaa cha pamba cha kuzika.
Ninacho, nikasema.
Niliinunua Kariakoo mwaka ule Mbaruku alipooa Mbagala,
na aliyekusudiwa hajawahi kuisoma:
NIMEVUMILIA MENGI HILI NITALISEMA.
Nikaichana mwenyewe, neno moja kila chumba,
kina cha kiganja. Tukafukia.

Nani atakula huko chini?
Kuvu, akasema, na bakteria:
kijiko kimoja cha udongo kina wengi kuliko Dar nzima
na hakuna anayedaiwa kodi.
Jani linapika juani, mzizi unawagawia sukari gizani.
Ukilinyoa jani kila wiki, mzizi unafunga jiko.

Habari ya jiko kufungwa
sikuhitaji kusomewa.

Vuli ikaja kwa fujo, mto ukabeba vyoo na kuku.
Wiki ya tisa tukafukua.

Chumba cha kwanza: NIMEVUMILIA, herufi zote,
ukisuuza tope waweza kuivaa sokoni.
Juu yake ukoka na ndago, basi,
na ardhi inayolia koleo likigonga kama sakafu.

Cha pili, majani mapya, kijani cha kumdanganya mgeni.
MENGI imebaki ENGI, imetobolewa kama chekeche.
Chakula chao kingi kilipanda na moshi, akasema.

Cha nne nilikitarajia sana, kwa kuwa hakikusumbuliwa.
Majani yamelala juu ya majani wenzao,
aina mbili za kibabe zimewafungia wadogo jua.
Ya HILI tukapata nusu.

Cha tatu nilihesabu mimi, yeye akiandika:
ukoka, marejea, kifauongo aliyejikunja kwa aibu ya uongo,
kumi na saba, manne sina jina lake wala yeye hana.
Aling'oa kifauongo mmoja, akapasua kinundu cha mzizi kwa ukucha:
ndani rangi ya waridi, kama fizi za mtoto.
Tukachimba. Tukachimba na pembeni,
nikidhani tumekosea kigingi.
Uzi wa cherehani, wa nailoni, urefu wa kidole.
NITALISEMA yote imeliwa.

Yeye akarukaruka, akapiga picha shimo tupu.
Mimi nilikaa juu ya kinyesi kikavu cha ndama
nikiwaza jambo lisilo kwenye daftari lake:
kwamba ardhi iliyochoka ndiyo iliyonitunzia maneno,
na iliyo hai haikurudisha hata herufi,
ila harufu ile, ya mvua ya kwanza,
na majani manne yasiyo na jina.

Siku hizi nikikata naacha vidole vinne.
Mzigo umepungua, Mushobozi anazungushia macho elfu tatu yake,
anataka uwanja wake pia ung'ae kama kipara.
Namwambia ndama wako alifanya kazi nzuri kuliko fyekeo langu.
Anadhani namtukana.

Mbaruku alipita Idi, akaulizia ile kanga.
Imeliwa, nikamwambia. Akacheka, nami sikueleza.

Uzi nimeufunga kwenye mpini.
NIMEVUMILIA nimeifua, nikaikunja mara nne;
naishikia sufuria likiwa la moto.